John Akii-Bua: Askari polisi aliyefundishwa kuujua mwili wake

Tarehe 2 Septemba mwaka 1972, katika uwanja wa Olimpiki wa mji wa Munich, Ujerumani Magharibi, wanaume wanane walijipanga kwa ajili ya fainali ya mbio za mita 400 kuruka viunzi. Katika njia ya kwanza, iliyo ndani kabisa na ambayo wakimbiaji wengi huiogopa kwa ukali wa kona zake, alisimama askari polisi kutoka Uganda mwenye umri wa miaka 22. Jina lake lilikuwa John Akii-Bua. Chini ya sekunde 48 baadaye alikuwa ameweka rekodi mpya ya dunia na kuipatia Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu katika historia ya Michezo ya Olimpiki.

Ushindi huo umesimuliwa mara nyingi kama kisa cha kipaji kitupu: kijana aliyekulia kwa kuchunga ng'ombe, akaruka vichaka na mifereji, kisha siku moja akaruka viunzi mbele ya dunia nzima. Simulizi hiyo inapendeza, lakini inaacha nje jambo lililo kubwa zaidi. Akii-Bua hakuzaliwa akijua kuruka viunzi. Alifundishwa, na mafunzo hayo yalimtoa damu. Walimu wake walimfanya aujue mwili wake mwenyewe: mguu uko wapi, kichwa kimeinuka kiasi gani, hatua ni ngapi. Elimu hiyo haiwahusu wakimbiaji peke yao. Ndiyo anayoihitaji pia kijana wa Kisinga au Bwera anayetaka kuogelea vizuri, awe bwawani au kando ya Ziwa Edward.

Mtoto wa Abako

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika eneo la Abako, Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu wa kaunti, mtu mwenye heshima na mji mkubwa: wake wanane na watoto 43. Katika mji wa namna hiyo mtoto hujifunza mapema kugombea nafasi yake, na pia kufanya kazi. Kazi ya wavulana ilikuwa kuchunga.

Baba alifariki dunia wakati John angali kijana, na masomo yake yakakatika. Alifanya kazi ndogondogo, kisha akajiunga na jeshi la polisi. Uamuzi huo ndio uliobadili maisha yake. Katika Uganda ya miaka ile, polisi na jeshi vilikuwa miongoni mwa taasisi chache zilizokuwa na viwanja, vifaa, na muda wa kumwachia kijana afanye mazoezi. Vilikuwa pia mahali ambapo Waganda wa makabila mbalimbali walikutana na kuzungumza Kiswahili, lugha ya amri na ya kambini.

Akiwa polisi, wakubwa wake waligundua haraka kwamba kijana huyu mrefu, mwepesi na mwenye viungo vilivyolegea anafaa kwa riadha. Alijaribu michezo mingi na hata kushindana katika dekathloni, shindano linalokusanya michezo kumi ya mbio, kuruka na kutupa. Lakini mchezo uliomshika ulikuwa viunzi.

Ufito juu ya kiunzi

Mwalimu wake wa kwanza wa viunzi alikuwa Jerom Ochana, afisa wa polisi ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa warukaji viunzi hodari barani Afrika. Ochana aliona kosa ambalo Akii-Bua hakuweza kuliona. Kila alipofika kwenye kiunzi, alikuwa akijirusha juu kupita kiasi, kifua na kichwa vikiinuka. Kwa anayetazama kutoka mbali huo ni mruko mzuri. Kwa anayejua mchezo, ni wakati unaopotea hewani, kwa sababu mkimbiaji hupata mwendo pale tu mguu unapogusa ardhi.

Kumwambia mtu ainame hakutoshi. Mwili wa binadamu una hisia nyingine zaidi ya zile tano tunazofundishwa shuleni. Misuli, kano na viungo hupeleka habari kwenye ubongo bila kukoma: goti limekunjwa kiasi gani, mkono uko upande gani, mgongo umenyooka au umepinda. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kugusa pua yake akiwa amefumba macho. Lakini hisia hiyo hufuata mazoea. Mtu akizoea kufanya jambo vibaya, ule ubaya huanza kuonekana kwake kuwa ndiyo sawa. Humwambii ainamishe kichwa kidogo akakuelewa, kwa kuwa yeye anahisi kwamba kichwa chake tayari kiko chini.

Ochana alipata njia. Aliweka ufito wa kuruka juu, mfano wa ule unaotumiwa katika mchezo wa kuruka kimo, ukiwa juu ya kiunzi, na kuacha nafasi ndogo kati ya vitu hivyo viwili. Mwanafunzi wake alilazimika kupita katikati. Akiinuka sana, paji la uso linagonga ufito. Akishuka sana, goti au kifundo cha mguu kinagonga mbao. Akii-Bua aligonga juu na chini, akatoka damu, na kovu la paji la uso likabaki naye. Lakini mwili ulipata jibu ambalo maneno hayakuweza kuutolea. Polepole alianza kuhisi, bila kuangalia, mahali kichwa chake kilipo wakati mguu unavuka.

Hesabu ya hatua

Mwaka 1968 alifika Uganda kocha kijana kutoka Uingereza, Malcolm Arnold, aliyepewa jukumu la kuendeleza riadha nchini. Wakati huo Akii-Bua alikuwa akikimbia viunzi vya mita 110, mbio fupi zenye viunzi virefu. Arnold aliona kwamba nguvu na pumzi za kijana huyo zingefaa zaidi mita 400, akamshawishi abadilike.

Mbio za mita 400 kuruka viunzi ni mtihani wa hesabu kama zilivyo mtihani wa nguvu. Kuna viunzi kumi, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 91.4. Cha kwanza kiko mita 45 kutoka mstari wa kuanzia, na kuanzia hapo kila kiunzi kinafuata baada ya mita 35. Mkimbiaji hawezi kufika kwenye kiunzi kwa kubahatisha. Ni lazima ajue atapiga hatua ngapi katikati, na idadi hiyo huongezeka kadiri uchovu unavyofupisha hatua zake.

Hapo ndipo kuna siri ndogo. Mkimbiaji anayepiga hatua 13 kati ya kiunzi na kiunzi hufika kila mara na mguu uleule wa kutangulia. Akichoka na kuhamia hatua 15, mguu unabaki uleule. Lakini akihamia hatua 14, mguu unabadilika: kiunzi kimoja ataruka kwa mguu wa kushoto, kinachofuata kwa wa kulia. Wakimbiaji wengi wa wakati huo walikuwa na mguu mmoja tu walioutegemea, kwa hiyo waliruka moja kwa moja kutoka 13 hadi 15 na kupoteza mwendo katika mabadiliko hayo makubwa. Akii-Bua alifundishwa kutumia miguu yote miwili. Aliweza kupunguza mwendo kwa ngazi ndogo, kutoka 13 kwenda 14 na mwishowe 15, kama dereva mwenye gia nyingi mlimani.

Kumfundisha mtu mzima kutumia upande wake dhaifu ni kazi ya subira. Huanza polepole, bila mbio, kwa kurudia tendo moja mpaka ule upande usiozoea upate kumbukumbu yake. Arnold aliongeza pia uzito. Akii-Bua alikimbia akiwa amevaa fulana yenye uzito wa zaidi ya kilo 10, akiruka viunzi virefu kuliko vile vya mbio zake. Alipovua fulana ile na kurudi kwenye viunzi vya kawaida, mwili ulijihisi mwepesi, na makosa yaliyokuwa yamejificha yakaonekana.

Mafanikio hayakuja mara moja. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 mjini Edinburgh, akisumbuliwa na maumivu, alimaliza wa nne. Mwaka uliofuata alikwenda Durham, jimbo la North Carolina, Marekani, akashinda katika mashindano kati ya Afrika na Marekani kwa muda wa sekunde 49.0. Dunia ya riadha ikaanza kuuliza huyu ni nani.

Munich

Aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ni Mwingereza David Hemery, bingwa wa Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968, aliyekimbia kwa sekunde 48.12. Hemery alikuwepo Munich, pamoja na Mmarekani Ralph Mann. Akii-Bua akapangiwa njia ya kwanza.

Anayekimbia njia ya ndani huwaona wapinzani wake wote wakiwa mbele, kwa kuwa huanza nyuma yao ili umbali uwe sawa. Kona zake ni kali, na mguu wa kutangulia ukiwa si ule unaofaa, mwili husukumwa nje. Lakini mtu anayeujua mwili wake pande zote mbili haogopi kona. Hemery alitoka kwa kasi kubwa na kuongoza sehemu ya kwanza. Akii-Bua alishika hesabu yake. Katika kona ya mwisho alikuwa amemfikia, na walipotoka kwenye kona hapakuwa tena na wa kumzuia. Saa ilionyesha sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mann alikuwa wa pili kwa 48.51, Hemery wa tatu kwa 48.52.

Baada ya kumaliza hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi, vingine vikiwa havipo kabisa ila katika fikra zake. Watazamaji waliona dansi. Aliyemfundisha angeona jambo lingine pia: mwili uliohifadhi umbo la mruko kiasi kwamba haukuhitaji tena kiunzi.

Somo lilelile ndani ya maji

Katika siku hizohizo, katika bwawa la Munich, Mmarekani Mark Spitz alikuwa akishinda medali saba za dhahabu za kuogelea, kila moja kwa rekodi ya dunia. Mmoja wa makocha waliomjenga alikuwa James Counsilman wa Chuo Kikuu cha Indiana, aliyejulikana zaidi kwa kupeleka kamera chini ya maji. Counsilman alikuwa amegundua kwamba waogeleaji hodari hawakujua mikono yao inafanya nini. Waliamini wanavuta maji kwa mstari ulionyooka kuelekea nyuma. Filamu ilionyesha mkono ukipita njia iliyopinda. Mwaka 1968 aliyaweka mafunzo yake katika kitabu kilichosomwa na makocha wa nchi nyingi.

Kamera ya Counsilman na ufito wa Ochana vilifanya kazi moja: kuupa mwili habari za kweli kuhusu yale unayoyafanya.

Ndani ya maji haja hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa muogeleaji hana ardhi ya kumwambia alipo. Anayejifunza hudhani amelala sawasawa juu ya maji, kumbe ameinua kichwa kutafuta hewa, na kichwa kikiinuka, kiuno na miguu huzama. Kisha hupiga mateke kwa nguvu zaidi, akachoka, akadhani tatizo lake ni udhaifu. Kocha mwenye jicho humwambia atazame chini badala ya mbele, atoe pumzi ndani ya maji, na ahisi kiuno kikipanda chenyewe. Humwambia aogelee kidogo akiwa amekunja ngumi, ili mkono wote kuanzia kiwiko ujifunze kuyasukuma maji. Akifungua kiganja, atashangaa jinsi maji yanavyoshikika. Humwambia pia ahesabu mara ngapi mkono unazunguka kutoka ukingo mmoja wa bwawa hadi mwingine. Idadi ikipungua bila kuongeza nguvu, basi mwili umepata njia yake. Ni hesabu ileile ya hatua 13 za Akii-Bua, imehamia majini.

Mafunzo hayo yanataka maji tulivu na mtu wa kutazama. Mto Nyamugasani unaposhuka kutoka Rwenzori baada ya mvua si mahali pake, wala si maji yenye viboko na mamba.

Kilichopotea

Akii-Bua alirudi nyumbani shujaa. Alipandishwa cheo, na barabara moja mjini Kampala ikapewa jina lake. Mwaka 1973 alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Lakini nchi aliyoirudia ilikuwa ikibomoka. Tangu Idi Amin atwae madaraka mwaka 1971, askari wengi kutoka Lango na Acholi walikuwa wameuawa, na Akii-Bua alikuwa Mlango aliyevaa sare ya serikali hiyo. Umaarufu ulimlinda na pia ulimfunga, kwa kuwa mtu anayejulikana na wote hana pa kujificha.

Malcolm Arnold aliondoka Uganda baada ya Munich. Mwanafunzi alibaki bila lile jicho lililomwona kwa miaka minne. Hata hivyo aliendelea kujiandaa kwa Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, ambako angekutana na kijana wa Kimarekani, Edwin Moses. Mkutano huo haukutokea. Uganda iliungana na mataifa mengi ya Afrika kususia michezo hiyo, kwa kupinga New Zealand kushiriki wakati timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Moses alishinda kwa sekunde 47.63, na rekodi ya Akii-Bua ikaanguka akiwa hayupo uwanjani.

Mwaka 1979, utawala wa Amin ulipokuwa ukiporomoka, Akii-Bua alikimbilia Kenya pamoja na familia yake. Mkewe alijifungua kabla ya wakati na mtoto akafariki. Bingwa wa Olimpiki akawa mkimbizi kambini. Kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alikuwa akivivaa, ilimsaidia kufika Ujerumani na kumpa kazi. Mwaka 1980 aliiwakilisha tena Uganda katika Olimpiki ya Moscow, lakini miaka, majonzi na mazoezi yaliyokatika vilikuwa vimechukua sehemu yao. Hakuvuka nusu fainali.

Alirejea Uganda katika miaka ya 1980, akarudi polisi, akasaidia kufundisha wanariadha. Alifiwa na mkewe, akabaki na watoto 11. Tarehe 20 Juni 1997 alifariki dunia mjini Kampala akiwa na umri wa miaka 47, na akazikwa kwa heshima za kitaifa.

Jina limebaki, je mafunzo?

Uganda ilisubiri miaka 40 kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, hadi Stephen Kiprotich aliposhinda mbio za marathoni mjini London mwaka 2012. Kiprotich alikuwa amejifua Kenya, ambako kulikuwa na makocha na wenzake wa kukimbia nao. Naye Malcolm Arnold aliendeleza kazi yake Wales, ambako alimlea Colin Jackson, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi mwaka 1993. Ujuzi uliokomazwa katika viwanja vya Kampala uliendelea kuzaa matunda, lakini ng'ambo.

Jina la Akii-Bua liko barabarani Kampala na kwenye uwanja wa michezo wa Lira. Wanaolitaja hukumbuka miguu yake. Ni haki pia kumkumbuka Ochana, aliyesimama kando ya kiunzi siku baada ya siku na ufito wake, akimtazama kijana mmoja kwa makini mpaka kijana huyo akaweza kujitazama mwenyewe. Shule nyingi za Kasese zina watoto wanaokimbia mlimani kila asubuhi na wengine wanaocheza majini kila jioni. Wepesi wa mwili wanao tayari. Wanachokikosa wengi wao ni mtu mzima wa kusimama kando, kuona kile ambacho wao hawawezi kukiona, na kurudi kesho yake kuwaonyesha tena.